MAJI YA UFIPA: SOMO LA TABIANCHI KWA VIJANA WETU

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wamekuwa wakilisikia neno "mabadiliko ya tabianchi" katika mikutano, redioni na katika hotuba za viongozi. Hata hivyo, kijana wa skuli akiulizwa maana yake, mara nyingi hujibu kwa maneno aliyoyakariri, wala hawezi kuonesha jambo hilo linamgusa vipi nyumbani kwao. Ukurasa huu unakusudia kulieleza kwa mfano wa mahali pamoja, napo ni uwanda wa juu wa Ufipa, Mkoa wa Rukwa, ambao makao yake makuu ni mji wa Sumbawanga. Uwanda huo uko mbali sana na bahari, lakini hali yake ya maji inafanana na yetu Visiwani kuliko msomaji anavyoweza kudhani.

Kisiwa cha nchi kavu

Ufipa imeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, lenye kina kifupi na maji ya magadi, nalo halina mto hata mmoja wa kutolea maji yake. Mtu atazamaye ramani atasema kuwa Wafipa wamezungukwa na maji. Ukweli ni kwamba maziwa yote mawili yako bondeni, kiasi cha mita elfu moja chini ya mashamba yao.

Hakuna mto utokao nchi nyingine ukapanda Ufipa. Uwanda huo ndio unaotoa maji: mito na vijito vyake huteremka kwenda katika maziwa hayo mawili, na Mto Kalambo hutumbukia kutoka kimo cha zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia, kisha ukaingia Tanganyika. Kwa hiyo kila tone linalonywewa juu ya uwanda limetokana na mvua iliyonyesha hapo hapo, nayo hunyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili. Miezi iliyobaki watu huishi kwa akiba iliyohifadhiwa na ardhi.

Hali hiyo haitofautiani na ya Unguja na Pemba. Maji ya visima na mapango yetu ni mvua iliyozama katika mawe ya chokaa, na akiba hiyo ikipungua, maji ya bahari huingia mahali pake.

Mvua ya leo na tabia ya miaka

Jambo la kwanza la kumfahamisha kijana ni tofauti baina ya hali ya hewa na tabianchi. Hali ya hewa ni jua au mvua ya leo na kesho. Tabianchi ni wastani wa hali hiyo kwa muda mrefu, na wataalamu hutumia kipindi cha miaka 30. Mwaka mmoja wa ukame hautoshi kuwa ushahidi, kama ambavyo mwaka mmoja wa neema hauwezi kuufuta ushahidi uliokwisha kupatikana.

Ziwa Rukwa lenyewe linatufundisha tahadhari hiyo. Kumbukumbu zinaonesha kuwa mwaka 1929 urefu wake ulikuwa takriban kilomita 48 tu, na ilipofika mwaka 1939 ulikuwa umefikia takriban kilomita 128. Ziwa hilo limezoea kupanuka na kusinyaa kwa kufuata mvua. Hivyo si kila badiliko linaloonekana ni geni.

Lililo geni ni joto la dunia nzima. Moshi wa makaa ya mawe, mafuta na misitu inayochomwa umeongeza hewa ya ukaa angani, na hewa hiyo huzuia joto kutoka, mfano wa blanketi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa. Joto likizidi, maji hukauka upesi zaidi kutoka katika udongo na mabwawa, na mvua huelekea kunyesha kwa kishindo, ikafuatiwa na vipindi virefu vya ukavu. Mkulima wa Ufipa anaweza kupata jumla ile ile ya mvua kwa mwaka na bado akakosa mahindi, ikiwa mvua hiyo imekuja kwa siku chache na kukatika pale mimea ilipokuwa ikiihitaji.

Athari zimefika hata katika vilindi vya Ziwa Tanganyika. Utafiti uliotangazwa mwaka 2003 ulieleza kuwa maji ya juu ya ziwa hilo, kwa kupata joto, hayachanganyiki vyema na ya chini yenye rutuba. Chakula cha samaki kikapungua. Dagaa na migebuka wa soko la Sumbawanga nao wamo katika hesabu ya tabianchi.

Yaliyo mbali na yaliyo karibu

Hapa pana hatari moja katika ufundishaji wetu. Kijana akiambiwa kuwa kila chemchemi iliyokauka imekaushwa na viwanda vya nchi za mbali, atakunja mikono. Ni lazima aelezwe kuwa sababu ni za aina mbili. Moshi wa dunia hauzuiliki kwa jembe la mwanafunzi. Lakini kukata miti penye chanzo cha maji, kulima hadi ukingoni mwa kijito, kuchoma nyasi ovyo na kulisha mifugo kupita kiasi ni mambo ya hapa hapa, na yanaweza kurekebishwa hapa hapa.

Shinikizo nalo limeongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni moja na kidogo katika Mkoa wa Rukwa. Ile ya mwaka 2022 ilikuta wamepindukia milioni moja na nusu. Misitu ya uwanda huo ni michache, kwani sehemu kubwa ni mbuga za nyasi. Msitu wa milima ya Mbizi, karibu na Sumbawanga, huzuia mvua isiporomoke yote kwa mara moja, nao ni makazi ya kima wekundu, jamaa wa kima punju wetu wa Jozani. Msitu wa namna hiyo ukiondolewa, maji hushuka kwa siku chache yakiwa matope, yakaenda kulijaza udongo Ziwa Rukwa, na kiangazi vijito vikabaki mawe matupu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, imekataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kijana anayezijua mita hizo kwa hatua zake mwenyewe ni mlinzi bora kuliko kibao kilichosimikwa.

Mambo ya kufundisha kwa vitendo

Kwanza, kupima mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja ya maji. Skuli yenye kipima mvua na daftari, ikiandika kila asubuhi na kukabidhi daftari kwa darasa linalofuata, hujijengea ushahidi wake yenyewe.

Pili, kuvuna mvua. Tuchukue paa la mita za mraba 200 mahali penye mvua ya milimita 800 kwa mwaka. Paa hilo hupokea lita 160,000. Tukitoa sehemu moja ya tano kwa upotevu, hubaki lita 128,000, yaani lita 320 kwa kila mmoja wa wanafunzi 400. Kwa siku 200 za masomo hiyo ni zaidi ya lita moja na nusu kwa siku. Hata hivyo, pasipo tangi hesabu hiyo haina faida, kwa kuwa mvua hukoma Aprili. Lita moja kwa kila mwanafunzi kwa siku 100 za kiangazi huhitaji tangi la lita 40,000. Anayetumwa kisimani kiangazi mara nyingi ni mtoto wa kike, na kila kisima kinapokauka njia yake hurefuka na saa zake za masomo hupungua.

Tatu, kuuliza wazee. Wafipa wana kilimo cha ntumba, ambacho nyasi hufukiwa chini ya udongo na kufanywa matuta ya mviringo. Nyasi huoza zikawa mbolea, na udongo hushika unyevu. Maarifa hayo yalikuwapo kabla ya neno tabianchi, na yanafaa kupewa nafasi darasani pamoja na vitabu.

Wito

Walimu, masheha na maofisa wa wilaya wanaombwa kuyatumia maelezo haya katika skuli na mabaraza ya vijana, khasa wakati wa maadhimisho ya Siku ya Maji Duniani, tarehe 22 Machi. Inafaa kila skuli ianze kwa mambo matatu: kuutambua mwanzo wa maji inayokunywa, kupima umbali wa shughuli zilizo karibu napo, na kuweka daftari la mvua. Wahenga wamesema, udongo upate uli maji. Vijana walio darasani leo ndio watakaoyatafuta maji ya miaka 30 ijayo. Ni haki yao wajue yanatoka wapi.