Mwambie Asogee Wapi

Kijana akipiga picha ya ngamia wakinywa maji kwenye mto Ewaso Ng'iro na kuwatumia wenzake, majibu humiminika: "Kali sana!" "Moto!" Mmoja labda ataandika, "Haijanivutia." Sifa hizo na lawama hiyo zina kasoro moja: zote zinamwacha pale pale alipokuwa. Hazimwambii kesho asimame wapi, afike saa ngapi, wala abadilishe nini kwenye kamera. Mimi hufundisha upigaji picha hapa Isiolo, na maoni ninayoyaheshimu ni yale ambayo mwenye picha anaweza kuyatekeleza kwa miguu na vidole vyake.

Ili kufika huko, sharti kwanza tujue kosa ni la nani. Katika kila picha kuna mambo ambayo kamera imeyaamua yenyewe, na mengine ambayo mpiga picha ameyachagua. Anayekosoa bila kuyatenganisha humlaumu mtu kwa kazi ya mashine, au humsahihisha kwa jambo alilolikusudia.

Tuchukue picha za Idi. Wanaume wametoka kuswali, kanzu nyeupe zimejaa fremu, jua limepanda. Kwenye picha kanzu zimekuwa za kijivu na nyuso ni nyeusi tii, hata macho hayaonekani. Mkosoaji wa haraka atasema, "Umeitia giza." Lakini kipima mwanga cha kamera kimeundwa kuchukulia kwamba vitu vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina mwangaza wa wastani, yaani kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Kikikutana na weupe mwingi, kinapunguza mwanga. Kikikutana na kundi la mbuzi weusi, kinauongeza hadi weusi wao unachujuka. Kwa hiyo maoni ya kufaa ni mafupi: "Gusa uso kwenye kioo cha simu, kisha telezesha kidole juu mwanga uongezeke kidogo." Na kwa kuwa kanzu zitaungua ukiufuata uso peke yake juani, muongezee: "Waombe wasogee kwenye kivuli cha ukuta." Pale kivulini mwanga mkali haupigi tena kitambaa moja kwa moja, na kamera huweza kuubeba weupe wa kanzu pamoja na sura ya mtu.

Suala hili la ngozi nyeusi lina historia inayouma. Kwa miongo mingi, maabara za kusafisha filamu za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, nazo kadi zikaitwa Shirley kwa jina la mwanamitindo wa mwanzo. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo, na zetu zikatoka zilivyotoka. Ilikuwa mwaka 2021, Google walipotoa simu ya Pixel 6, ndipo walipoitangaza kamera yao kuwa imerekebishwa ili ionyeshe ngozi nyeusi ipasavyo. Ni juzi tu. Anayekuletea picha ya nyanya yake, uso umemezwa na giza, asiambiwe kwamba hana jicho.

Mwanga wa hapa nao una tabia zake, na ushauri mwingi tunaousoma umeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Isiolo haifiki hata nusu nyuzi kaskazini mwa mstari huo. Jua letu hupanda karibu wima, takriban nyuzi 15 kwa saa, hivyo dakika 40 baada ya kuchomoza limeshafika nyuzi 10 na ule mwanga laini wa ubavuni unaelekea kwisha. London katikati ya Juni, safari hiyo hiyo ya jua huchukua karibu mara mbili. Kwa hiyo "njoo mapema" haitoshi. Mwambie awe ameshasimama mahali pake kabla ya saa kumi na mbili na robo asubuhi, hasa kama anautaka Mlima Kenya kabla haujajifunika mawingu.

Lakini usimwambie hivyo anayepiga picha za soko la mifugo. Soko halimngojei mtu, na shughuli zenyewe hazifuati mwanga mzuri. Mwezi wa Machi au Septemba, adhuhuri, jua liko utosini na macho ya watu yanageuka mashimo. Huyo mwonyeshe ukingo wa kivuli cha mgunga au cha turubai la muuza chai, mahali ambapo mchanga mweupe ulioko juani unarudisha mwanga usoni kutoka chini. Mnunuzi akisimama hapo akibishana bei, picha imepatikana.

Upande wa pili, baada ya ule wa kamera na mwanga, ni ule wa uchaguzi wa mpiga picha, na hapa ndipo wakosoaji wanapoumiza watu zaidi. Kijana anampiga picha babu yake amesimama wima, katikati ya fremu, mwili mzima hadi viatu, anaitazama lenzi bila kutabasamu. Aliyesoma vitabu vya kigeni atasema mzee amekakamaa. Mimi naona adabu ya studio zetu za zamani, kama ile ya Capital Art iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, ambako mtu alivaa nguo zake bora akasimama apigwe kwa heshima. Ukimkata mzee miguu, familia itauliza miguu iko wapi. Ndiyo maana swali langu la kwanza ni, "Ulitaka nione nini?" Akijibu, naieleza picha kama ninavyoiona, bila kuipa alama: jicho langu limeanzia wapi, limekwama wapi. Mara nyingi anaigundua tofauti mwenyewe.

Kwa picha ya swala twiga aliyesimama kwa miguu ya nyuma akila majani kule hifadhi ya Buffalo Springs, jicho langu hukwama kwenye matawi yanayoonekana kama yameota kichwani mwake. Kushuka garini hairuhusiwi, basi ushauri ni kumwomba dereva asogee mita moja mbele, kichwa kiangukie kwenye anga tupu. Namwambia jambo moja tu, hata kama nimeona kasoro sita.

Naomba pia faili halisi, iliyotumwa kama hati. Picha ikipitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na taarifa za kasi ya shata na saa iliyopigwa hufutika. Bila hizo siwezi kujua kama ngamia amefifia kwa sababu ya mwendo wake au ya mkono uliotikisika.

Mpiga picha akinizidi umri, siiti picha yake mbovu mbele ya watoto wake. Namwambia, "Mzee, nionyeshe na nyingine ulizopiga siku hiyo," na mara nyingi iliyo bora imo humo.

Swali moja huliuliza hata kwa picha nzuri kupita zote, hasa za akina mama wa Kisamburu na Kiturkana waliovaa shanga: alikubali? Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na anayetaka kuuza picha ya mtu anahitaji ridhaa yake. Kwa mtoto, ya mzazi au mlezi. Kama mpiga picha hakuuliza, namtuma arudi kwa mama huyo, amwonyeshe picha, na mama akikataa, aifute mbele yake.