Gari Dogo la Kijapani na Hesabu ya Mnunuzi wa Dar es Salaam

Apitaye asubuhi katika Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo, mjini Dar es Salaam, huona dhahiri kwamba magari madogo ya Toyota, yaani Vitz, IST na Passo, yamekuwa chombo cha watu wa kipato cha wastani, walimu, wauguzi, makarani na wafanyabiashara wachanga, ambao aghalabu hununua gari la kwanza kwa akiba ya miaka mingi na wasikubali uchache wa fedha uwanyime umbo la kupendeza. Tamaa hiyo ni halali. Vitz ya kwanza, iliyotoka mwaka 1999 kwa mchoro wa Sotiris Kovos, mzaliwa wa Ugiriki, iliuzwa Ulaya kwa jina la Yaris na huko ikatunukiwa taji la gari bora la mwaka 2000.

Sababu za magari haya kutufikia kwa wingi zimo katika desturi za Japan yenyewe. Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara, na sheria yao hulazimisha gari jipya likaguliwe litimizapo miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, kwa gharama ambayo humfanya mwenyewe aone heri auze mapema. Gari huenda mnadani likiwa na karatasi ya ukaguzi, yenye daraja lake, kilomita zake na alama za kila mkwaruzo, na herufi R huandikwa kwa gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Karatasi hiyo ndiyo hati ya kwanza ya kudaiwa kwa muuzaji kabla ya kutuma fedha, kwa kuwa kilomita zisomekazo kwenye dashibodi ni rahisi kurudishwa nyuma, na kwa kuwa gari lililotumika kaskazini yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, laweza kung'aa juu ilhali chini limeliwa na kutu.

Mnunuzi hughuriwa zaidi na kodi. Kwa viwango vilivyozoeleka Tanzania katika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na nauli ya meli. Gari lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30 ya uchakavu, ikihesabiwa juu ya thamani hiyo pamoja na ushuru wake, na lenye umri kati ya miaka 8 na 10 huongezewa 15. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, hutozwa juu ya jumla yote hiyo. Basi Vitz kuukuu yenye injini ya sentimita 996 za ujazo, isiyotozwa ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini kwa kuwa haikufika 1,000, kila shilingi 100 za thamani yake hugeuka takriban 192 kabla ya tozo ndogo ndogo na ujira wa wakala. IST ya sentimita 1,298 au 1,496, itozwayo asilimia 5 zaidi, hukaribia 199. Na gari la injini kama ya Vitz hiyo, lisilotimiza miaka 8, halifiki 148. Tena thamani yenyewe Mamlaka ya Mapato huipima kwa orodha yake, wala si lazima iafikiane na bei uliyolipa. Kenya wamefuata njia nyingine: gari lililopita miaka 8 haliruhusiwi kuingia kabisa, na kwa sababu hiyo Nairobi haipokei tena zile IST za mwaka 2003 ambazo Dar es Salaam ingali ikizipokea.

Kwa nini basi watu wanang'ang'ania gari kuukuu, na kodi ni nzito hivyo? Kwa sababu bei yake ya asili ni ndogo sana, na kwa sababu ya Gerezani, mtaa wa spea ulio jirani na Kariakoo. Katika maduka ya spea ya Kariakoo na Ilala hakuna kipande cha IST ya kwanza kisichopatikana, kipya au kilichotumika, na fundi wa chini ya mwembe aijua injini yake ya mnyororo na giaboksi yake ya kawaida ya gia nne pasipo kusoma kitabu. Nissan March au Honda Fit yaweza kuwa nadhifu zaidi na rahisi zaidi siku ya kununua, lakini spea zake hutafutwa kwa taabu, na giaboksi ya CVT, isiyo na gia za hatua, ikitiwa mafuta yasiyo yake huharibika kwa gharama ya kutisha. Kwa maoni yangu, akiba ya kweli hupatikana katika gari ambalo mafundi wengi hulijua na ambalo mnunuzi wa pili yupo tayari kabla hujalichoka.

Ndiyo maana mwenye fedha chache ningemshauri kwanza atazame yaliyomo nchini, yale yaitwayo ya namba D au E kwa herufi ya namba zao za usajili, yaliyokwisha kulipiwa kodi. Aende alfajiri, injini ikiwa baridi, asikilize muungurumo wake na kuona moshi wake; aende na fundi asiyejuana na dalali; na aidai kadi ya gari mkononi, kwa maana kadi iliyoko benki kama dhamana ya mkopo haiwezi kuhamishwa jina. Faini za barabarani zisizolipwa nazo hufuata namba ya gari, hazimfuati aliyefanya kosa, kwa hiyo ziulizwe na zilipwe na muuzaji kabla ya kutia sahihi mkataba.