Sindano Inayorukwa kwa Hofu ya Unene

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini akifika kliniki na sukari ya juu miezi nenda miezi rudi, huulizwa maswali yale yale: dawa imekwisha? Imehifadhiwa wapi? Amekula nini? Ni maswali ya haki, kwani wako wanaoikosa insulini kwa sababu ya bei. Lakini wako pia walio nayo nyumbani wasioichoma, au wanaochoma nusu ya dozi, kwa kuogopa kunenepa.

Mwili usipopata insulini, sukari hurundikana katika damu, figo huitoa kwa mkojo, na mwili hugeukia kuyeyusha mafuta na misuli yake wenyewe. Uzito hushuka hata mtu akila vizuri. Mgonjwa wa kisukari aina ya kwanza huijua siri hii bila kufundishwa: alikonda kabla ugonjwa haujagunduliwa, akarudisha mwili alipoanza sindano.

Gharama yake ni kubwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia wanawake 234 wenye kisukari aina ya kwanza kwa miaka 11. Waliokiri kupunguza insulini walikuwa katika hatari ya kufa mara 3 zaidi ya wenzao, na waliofariki miongoni mwao walikuwa na wastani wa umri wa miaka 45, dhidi ya 58 kwa wengine.

Tiba yenyewe huchochea tatizo. Kila ziara huanzia kwenye mizani, na kila tonge huhesabiwa. Sukari ikishuka ghafla, mgonjwa hulazimika kula hata asipotaka, kisha hujilaumu. Wapo pia, hasa wenye kisukari aina ya pili, wanaokula kupita kiasi kwa siri. Hoja kwamba kwetu unene ni heshima haimlindi yeyote kati yao.

Mhudumu ashtuke akiona mgonjwa analazwa mara kwa mara kwa sumu ya ketoni, anakataa kupimwa uzito, au ana daftari lenye namba nzuri mno zisizolingana na kipimo cha HbA1c. Aulize bila kushutumu: “Mama, wapo wanaopunguza insulini wakiogopa kunenepa. Je, wewe imewahi kukutokea?” Anayekemewa hapa huenda asirudi tena.

Akikubali, insulini irudishwe hatua kwa hatua, kwa ushirikiano wa daktari, mtaalamu wa lishe na mtaalamu wa afya ya akili. Aelezwe mapema kwamba miguu yaweza kuvimba na uzito kupanda kwa sababu ya maji, na kwamba uvimbe huo kwa kawaida hupungua. Asipoambiwa, ataiacha sindano wiki hiyo hiyo. Macho yapimwe, maana sukari iliyokuwa juu muda mrefu ikishushwa haraka yaweza kuzidisha madhara ya retina.

Naye mgonjwa aliyeruka sindano, akianza kutapika, kuumwa tumbo au kuhema kwa nguvu, aende hospitali saa hiyo hiyo, na aseme wazi kwamba hakuchoma.