Spoku, Eriali na Manyoya ya Jogoo

Je, wajua kwamba samaki aina ya trauti wa mito baridi inayoshuka Mlima Kenya, ikiwemo Kathita kule Meru na Rupingazi kule Embu, ni mgeni? Trauti wa kwanza waliletwa Kenya kutoka Scotland mwaka 1905, wakapandikizwa katika mto Gura, Aberdare. Mito ya Mlima Kenya ikafuata. Walikuja na uvuvi wao: ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu wa majini. Nzi huyo bandia bado hufungwa kwa mkono, na Kenya yenyewe huuza nzi kama huyo Ulaya na Marekani.

Kumfunga ni kazi ya mikono mitatu, nawe umejaliwa miwili. Vifaa vyote vya kazi hii ni mbinu ya kuazima wa tatu, na karibu vyote hutengenezeka kwa vyuma chakavu vya fundi baiskeli na vikorokoro vya nyumbani.

Jiliwa ya kubana ndoana haina siri: koleo la kujifunga lililokazwa kwenye ubao latosha. Ujanja uko kwenye kishika uzi. Chukua spoku ya baiskeli, ya unene wa milimita 2, uikunje iwe na mikono miwili inayobana kigurudumu cha uzi. Kwa mdomo wake tafuta eriali ya redio mbovu: kipande cha juu kabisa mara nyingi ni kigumu kisicho na tundu, lakini kinachofuata ni bomba jembamba. Kikate, ukikaze kwenye spoku, upitishe uzi ndani. Ukiachilia, kifaa huning'inia na uzito wake huuvuta uzi, usilegee, nawe mikono yote miwili iko huru kuchagua unyoya.

Kwenye kukata bomba ndipo wengi huharibu. Msumeno huacha ukingo mkali usioonekana, na uzi hukatika nzi akikaribia kuisha. Sugua mdomo huo kwa msasa laini wenye maji, ndani na nje, kisha upitishe juu ya soksi ya nailoni. Ukinasa, endelea kusugua. Kwa maoni yangu, dakika hizo za msasa zina thamani kuliko kifaa cha bei.

Unyoya wa shingo ya jogoo ni mkakamavu, hivyo hushikilia nzi juu ya maji. Wa tetea ni laini, hunywa maji na kuzama. Ili kuuzungusha kwenye ndoana bila kuuvunja, kunja klipu ya karatasi iwe kibanio na uvike taya moja kimpira cha valvu ya baiskeli.

Fundo la mwisho? Bomba la kalamu ya biki. Zungushia uzi kwenye ncha yake, ingiza jicho la ndoana tunduni, telezesha kitanzi kishuke, vuta. Rudia mara tatu. Kisha tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, kutoka duka lolote la vipodozi. Angalia tu usizibe jicho la ndoana, la sivyo utalizibua mtoni kwa sindano, vidole vimekufa ganzi.