Kilwa Kisiwani: Tuwapeleke Watoto Wakausome Msikiti

Kila likizo ya shule inapokaribia, wazazi huiuliza kamati yetu ni wapi pa kuwapeleka vijana wa madrasa. Wengi hupendekeza ufukweni. Sisi tunapendekeza Kilwa Kisiwani.

Wapo wanaoona kwamba kulipa nauli ya basi hadi Kilwa Masoko, kisha mashua, kwa ajili ya kutazama magofu tu, ni israfu. Hoja yao tunaiheshimu, kwani mali ya familia ni amana. Lakini mtoto anayedhani kwamba miji ya Kiislamu ya kale ilikuwa Misri na Hijazi pekee anastahiki kukanyaga ardhi aliyofika Ibn Battuta mwaka 1331. Msafiri huyo aliusifu uzuri wa mji, na akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Kasri la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, lingali likitazama bahari. Njia ya kulifikia ni ndefu. Msisahau maji ya kunywa.

Sisi hukawia zaidi katika Msikiti Mkuu, pengine kwa sababu ya kazi tuliyokabidhiwa. Upande wa kaskazini ndio mkongwe, nao ni mdogo. Upande wa kusini ni upanuzi wenye kuba na matao. Tarikh ya kale ya Kilwa yasimulia kwamba msikiti ulianguka, na waumini wakaswali muda mrefu chini ya mahema. Katika karne ya 15 mtu mmoja mwenye hadhi aliomba idhini aujenge kwa mali yake. Sultani hakutaka kuikosa thawabu hiyo, akampa mithkali 1,000 za dhahabu. Yule bwana alizipokea ili asizuiwe, akajenga kwa fedha zake mwenyewe, na sultani alipofariki akawarudishia warithi dhahabu yao. Aliyewahi kushika daftari la michango ya msikiti hahitaji kufafanuliwa habari hiyo.

Wareno waliuteka mji mwaka 1505. UNESCO iliutia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na tangu 2004 hadi 2014 ulikuwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kwa hiyo watoto wasipande juu ya kuta, hata kwa picha moja.

Kibali hutolewa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka. Kisiwani wanaishi watu, nao ni ndugu zetu: tuwatolee salamu kwanza, kamera baadaye. Mkiingia msikitini, mwongozaji asiwahi kusema neno. Waacheni watoto waitafute mihrabu wenyewe, waelekee kibla, kisha waulize.