Mgeni wa Angani Aambiwa: "Lete Barua ya Mtendaji!"

Mwenzio wiki hii nimekula mpaka mkanda umegoma. Usinicheke, nilikuwa kazini! Nilipanda Nyanda za Juu Kusini kuwatafuta wachora katuni na watunzi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Na nimegundua kitu: msanii ukimwita kwenye mahojiano atakuzungusha, ila ukimwita kwenye chakula, anafika kabla yako.

Wa kwanza nilimnasa Mbeya, pale Mwanjelwa, kwa mama lishe ambaye wali wake wa Kyela unanukia hadi barabarani. Ni kijana wa miaka 26, anaandika mabango ya saluni na majina ya bajaji. Tukaletewa wali, maharage na parachichi. Hata mikono hajanawa, akatoa kaunta buku lililojaa michoro ya kalamu.

"Hii ni stori ya Kimondo, kaka," akaniambia.

Kwa wasiojua, Kimondo cha Mbozi ni bonge la chuma lililodondoka kutoka angani, lina uzito wa zaidi ya tani 10, na wenyeji walilijua zamani sana kabla wageni hawajaanza kuliandika mwaka 1930. Lipo Ndolezi, wilaya ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya. Sasa ndani ya daftari la huyu bwana, wenye mali wanarudi kulichukua jiwe lao. Unadhani vita vinalipuka? Thubutu! Mgeni anatua na chombo chake, anapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, anaambiwa alete barua ya mtendaji. Mtendaji yuko semina. Mgeni anakaa kwenye benchi wiki tatu, mpaka anazoea ndizi na maharage na anaanza kudai kiwanja.

Nilicheka hadi wali ukanipalia.

"Umeshalipwa shilingi ngapi kwa kazi hii?" nikamuuliza.

Akanyamaza. Kurasa 64, miaka miwili. Watu wanazipiga picha, wanatumiana kwenye simu, kijiwe kizima kinavunjika mbavu. Mshiko hakuna.

"Hiyo sahani uliyoninunulia, kaka, ndiyo malipo ya kwanza."

Hapo maharage yakagoma kushuka. Tena akaniambia Jumamosi anapanda basi kwenda Dar, shemeji yake kamtafutia kibarua cha kupaka rangi nyumba. Na daftari? "Nitamwachia mama."

Msomaji wangu, nchi hii si ngeni wa katuni. Waulize wazazi wako habari za Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru. Waulize Sani, jina lililotokana na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, gazeti lililotupa akina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe na Madenge. Enzi hizo nakala moja ilisomwa na mtaa mzima hadi jalada linakatika. Ila tulizoea kuazimana, kununua tukawaachia wengine. Gado mwenyewe, aliyezaliwa Dar mwaka 1969, alipata jukwaa lake kubwa Nairobi, kwenye magazeti ya Nation, kuanzia mwaka 1992. Kijana wa Mbeya anakimbilia Dar, wa Dar anavuka mpaka. Sisi tunabaki na kicheko.

Kesho yake nikapanda basi, Makambako, Mafinga, hadi Iringa. Baridi ile usiombe! Mwenyeji wangu wa pili ni dada mmoja, mwalimu wa sekondari, anayetunga usiku akishamaliza kusahihisha madaftari. "Kamwene!" akanikaribisha, nami nikaitikia "Kamwene!" kama mzaliwa wa Kalenga. Mezani, makande ya moto na chai ya maziwa.

Huyu dada hataki kusikia kwamba hadithi za namna hii ni za Wazungu. "Shaaban Robert alituwekea nchi inayoelea angani katika *Kusadikika*, mwaka 1951," akasema. "Katama Mkangi wa Kenya akamrusha mfungwa wake kwa chombo cha angani katika *Walenisi*, mwaka 1995. Sasa sisi tunaona aibu ya nini?"

Hadithi yake inatokea Isimila, nje kidogo ya mji, kwenye ile minara ya udongo na zana za mawe za watu wa kale. Miaka elfu moja ijayo watoto wanachimba pale, wanakuta simu zetu. Wanajadiliana: hawa watu walikuwa wanaabudu vioo, au walikuwa wanajitazama tu?

"Mwalimu, mbona hujaitoa?"

"Haina picha, mdogo wangu. Wanafunzi wangu wanataka waione. Mimi kuchora hata kuku siwezi."

Nikaweka kijiko chini. Watu wawili, barabara moja, mmoja ana kalamu ya picha na mwingine ana maneno, na hawajuani! Nikampigia yule wa Mwanjelwa palepale, nikampa mwalimu simu. Makande yakapoa wakiwa bado wanabishana minara ya Isimila ichorwe kwa wino au kwa rangi.

Jumamosi basi la Dar likasimama Ipogolo. Mwalimu alikuwa pale kabla yake, na hotipoti mkononi. Kijana akashuka, wakaongea dakika kumi, konda akapiga honi, akapanda. Hotipoti ilikwenda Dar. Kaunta buku lilibaki Iringa, na mwalimu ameahidi kulipeleka kwa mchapaji akishapata mshahara.

Siwezi kukuahidi kwamba litatoka. Ila likitoka, msomaji wangu, usiazime. Nunua la kwako!