Kibaba cha Maji Mjini Lodwar

Ijumaa ilinikuta Lodwar, nikiwa njiani kwenda Lokiriama. Dereva alinikumbusha kwamba msafiri hakulazimishwa Ijumaa. Ningeweza kuswali Adhuhuri rakaa mbili tukaendelea na safari. Alisema kweli. Lakini mtu aliyelelewa Mombasa hukosa utulivu akipita mlango wa msikiti adhana ikinadiwa, nami nikashuka.

Adhana yenyewe niliiona imechelewa. Kumbe Turkana iko magharibi zaidi, na jua hupinduka huko robo saa hivi baada ya kupinduka kwetu. Kibla nacho, ambacho Mombasa huelekea takriban kaskazini halisi, huko husogea kidogo upande wa mashariki. Mwalimu wa jiografia angefurahi.

Mferejini hapakuwa na tone. Mzee mmoja Mturkana, kofia nyeupe kichwani, akanipa birika lake. Nikatawadha kama nilivyozoea nyumbani, maji yakichuruzika hadi viwikoni na kumezwa na mchanga. Nilipotaka kuosha uso mara ya tatu akanishika mkono kwa upole.

“Mwanangu, moja yatosha. Haya yamebebwa kichwani.”

Niliona haya. Kwa miaka mingi nimesomesha nguzo sita za udhu, na wanafunzi wangu huzitaja bila kukosea. Lakini sikumbuki kuwahi kuweka kibaba cha maji mezani nikawaonyesha kiasi alichotawadhia Mtume (S.A.W.): mudi moja, ambayo haifiki hata lita. Tayamamu nayo tunaipitia haraka, kana kwamba ni habari ya watu wa kale. Walimu wenzangu wa pwani watanisamehe nikisema kwamba tumelelewa penye visima, na kila mtu husomesha alichokiona kwao.

Khutba ilisomwa kwa Kiarabu na Kiswahili. Safuni walikuwamo wafanyabiashara Wasomali, watumishi wa serikali, vijana wa Kiturkana, na wakimbizi waliotoka Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992. Baada ya salamu, kijana mmoja aliketi na wazee akawafasiria kwa Kiturkana. Kwa maoni yangu lugha hiyo ingestahili kusikika mimbarini, ingawa mgeni hapangi nyumba ya mwenyeji.

Kesho yake tukafika Lokiriama. Hapo ndipo mwaka 1973 Waturkana na Wamatheniko wa Karamoja, Uganda, walipopatana na kuzika silaha, baada ya uhasama wa mifugo, malisho na maji. Hadi leo watu wa pande zote mbili hukutana huko kila Septemba kuyahuisha mapatano hayo.

Tulikuwa tumepita mto mkavu. Msichana mwenye sare ya shule alikuwa ndani ya shimo lililomfika kifuani, akichota kwa kikombe maji yaliyojichuja mchangani. “Ngakipi,” alisema, akinionyesha dumu ambalo halijafika nusu.

Adhuhuri ilipoingia, dereva alinipa chupa ya maji. Nikaosha uso mara moja, mikono mara moja, nikapaka kichwa, nikaosha miguu. Nilipoiinua chupa kuitazama, maji yalikuwa yamebaki zaidi ya nusu.